Muthiya: Ngumi ya uwele inayofukuza baridi

Kiswahili chetu kina uwele wa namna mbili: ule unaokulaza kitandani na ule unaowekwa ghalani. Leo, mpenzi msomaji, nakuletea huu wa ghalani, tena si wa uji wala wa pombe. Ni chakula cha Wagujarati wa India kiitwacho muthiya. Kinapikwa kwa mvuke na hakina makuu tumboni.

Jina limetokana na neno lao la ngumi, maana donge la unga hubanwa kiganjani kabla ya kupikwa. Kule Ahmedabad, usiku wa Januari joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Kwa watu wanaopigwa na jua la nyuzi 40 mwezi Mei, hiyo ni baridi ya sweta mbili! Hapo ndipo unga wa uwele, wenyewe wanauita bajra, unapotawala jikoni. Kama wazee wetu wa Pwani, nao wanagawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, na uwele wanauhesabu kwenye vya moto.

Ila vyakula vyao vingi vya msimu huo vinaogelea kwenye mafuta. Mkate wa uwele huliwa na siagi nyeupe na sukari guru. Sikukuu ya Uttarayan, tarehe 14 Januari, watu wakirusha tiara juu ya mapaa, huandaliwa undhiyu, mboga mchanganyiko zenye muthiya za kukaanga. Tamu, lakini ukishiba unatafuta mkeka. Muthiya ya mvuke inakuachia nguvu za kuosha vyombo.

Mimi nimefundishwa na jirani yangu wa Upanga, bibi wa Kigujarati ambaye ghorofa nzima tunamwita Ba, yaani mama. Nilimweleza kwamba mama yangu Singida ananitumia gunia la uwele kila mwaka, lakini mume wangu hataki kuuona mezani, eti chakula cha njaa. Gunia linaishia kwa wapika pombe. Ba akashika kiuno: "Mwanangu, uwele umetoka kwenu Afrika. Sisi tumeupokea tu!"

Ni kweli. Uwele ulianza kulimwa Afrika Magharibi, ukanda wa Sahel, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ndipo ukavuka kwenda India. Leo India ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuzalisha, na ndiyo iliyopendekeza Umoja wa Mataifa uufanye 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa uwele, ulezi, mtama na jamaa zake. Sisi wenye mali tunaona aibu!

Haya, tuingie jikoni. Kwa watu 4 tafuta:

Unga wa uwele vikombe 2, unga wa dengu nusu kikombe, majani ya uwatu yaliyokatwakatwa vikombe 2 (ukikosa, tumia mchicha), mtindi nusu kikombe, tangawizi na pilipili mbichi zilizopondwa, kijiko 1 cha chakula, manjano nusu kijiko cha chai, sukari guru kidogo, chumvi, mafuta vijiko 3 vya chakula, ufuta na mbegu za haradali kijiko 1 cha chai kila kimoja.

Changanya vitu vikavu na majani, tia mafuta vijiko 2, kisha ongeza mtindi kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Usiukande kama chapati, kwani uwele hauna mvutano wa ngano. Dengu ndiyo inayoushika.

Paka mafuta mikononi, bana madonge ya urefu wa kiganja na unene wa vidole viwili. Yapange kwenye chujio la bati lililopakwa mafuta, juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Maji yasiguse chujio. Funika dakika 20 hadi 25. Choma kwa kisu: kikitoka kikavu, tayari.

Acha yapoe dakika 10, la sivyo yatavunjika. Kata vipande, kisha chemsha kijiko 1 cha mafuta kilichobaki, tia haradali ipasuke, tia ufuta, geuza vipande humo. Nyunyizia kotmiri na ndimu. Shushia kwa chai ya tangawizi.

Angalizo: unga wa uwele una mafuta yake ya asili, ukikaa sana unakuwa mchungu. Saga kidogo kidogo.

Mlioko Makete, Njombe na Lushoto, kipupwe cha Juni hadi Agosti kikiingia, jaribuni. Mume wangu? Alikula vipande sita ndipo akauliza ni nini. Nikamjibu, "Muthiya." Neno uwele nililitaja sahani ikiwa tupu. Mwaka huu gunia la mama halitoki nje ya nyumba hii.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.