Diski ya gemu isiyodanganya saa

Mpwa wangu wa Nakuru alinipigia simu mwezi jana akiwa na malalamiko. Alikuwa amemaliza gemu yake kwa dakika 40 kamili, rekodi yake bora kabisa. Akaipeleka video kwenye saiba moja mjini wamchomee DVD, ili aende kumwonyesha babu yake upande wa Njoro, ambako bando ni ghali na deki ya DVD bado inafanya kazi. Diski ikawekwa, watu wakaketi. Ilichukua dakika 48.

"Mjomba, wananiita mwongo," akaniambia.

Kwa asiyejua, vijana hawa hushindana kuimaliza gemu nzima kwa muda mfupi iwezekanavyo. Wenyewe huita spidirani. Si mchezo wa kitoto: Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985, ilimalizwa Aprili 2021 na mchezaji anayejiita Niftski kwa dakika 4 na sekunde 54.948. Wanapimana kwa vipande vya sekunde, na video ndiyo shahidi. Shahidi akiongeza dakika nane, kesi imekwisha.

Zile dakika nane zilitoka wapi? Kompyuta ya kijana ilirekodi picha 60 kwa sekunde. DVD ina mifumo miwili. PAL, ambao Kenya iliufuata kama Uingereza, huonyesha picha nusu 50 kwa sekunde. NTSC ya Marekani huonyesha karibu 60. Aliyechoma diski alichagua PAL kwa mazoea, na mahali fulani programu ikazichukua picha 60 na kuzicheza kama 50. Piga hesabu: kila dakika 10 huwa 12. Nilimuuliza kama muziki ulikuwa mzito, kama redio kaseti yenye betri zinazokufa. Akasema ndiyo. Basi, hapo hakuna mchawi.

Programu nzuri hubadilisha kwa njia nyingine: hutupa picha 10 katika kila 60, muda ukabaki sawa. Kwa video ya harusi hakuna atakayegundua. Lakini katika mbio hizi ujanja mwingine hudumu kwa picha moja tu, na huenda hiyo ndiyo iliyotupwa.

Kwa hivyo ushauri wangu ni NTSC, hata kama uko Kenya. Deki nyingi zinazouzwa huku husoma mifumo yote miwili. Picha nusu maana yake ni hivi: picha moja hutoa mistari ya witiri, inayofuata hutoa ya shufwa, na zote 60 hupata nafasi. FFmpeg, programu ya bure, ina kichujio kiitwacho tinterlace kinachofanya kazi hiyo. Baada ya hapo DVDStyler, nayo ya bure, hupanga menyu na diski. Mwanzoni itakuuliza PAL au NTSC. Jibu bila haraka. Mwambie pia asiisimbe video upya, ainakili ilivyo, la sivyo kazi yako ya mwanzo itapotea.

Diski ya kawaida hubeba GB 4.7. Wauzaji hupenda kujaza saa nyingi humo, na gemu inayokimbia ndiyo huharibika kwanza, picha ikawa vijiraba. Usizidishe saa moja. Kwa megabiti 8 hivi kwa sekunde itaenea vizuri.

Nunua DVD-R, kwa sababu deki kuukuu mara nyingi huipenda kuliko DVD+R. Choma polepole, na uhakikishe diski imefungwa mwishoni, kwani isiyofungwa hucheza kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataa kwingine. Tumia laptopu yenye betri nzima: umeme ukikatika katikati, diski hiyo ni ya kufukuzia ndege shambani. Na kuhusu vumbi, jina Nakuru lenyewe husemwa kuwa latokana na Kimaasai, mahali pa vumbi. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Jambo moja la sheria. Kumpa babu nakala ni kitu kimoja, kuzipanga mezani kituo cha matatu na kuziuza ni kingine. Gemu ina mwenyewe, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya inaweza kukufuata.

Kijana alichoma upya usiku, nyumbani kwao. Kabla ya kusafiri, nilimwambia aicheze diski kwenye deki ya jirani huku ameshika saa ya simu, si kuitazama tu kwenye kompyuta. Ikatoka dakika 40.

Babu aliitazama hadi mwisho, kisha akauliza mbona huyo mtu anakimbia tu na kuziacha sarafu zote njiani.