Kompyuta ya Nyumbani: Tuanze na Kasha

Wengi wanaokusudia kujiundia kompyuta mjini Bujumbura hutazama kwanza kasha lenye kioo na taa za rangi. Urembo huo haupozi mashine. Mji wetu uko kando ya Ziwa Tanganyika, joto ni jingi, na kuanzia Juni hadi Agosti vumbi la kiangazi huingia kila penye upenyo.

Basi lichaguliwe kasha lenye matundu mengi usoni, feni mbili za milimita 120 za kuingiza hewa na moja ya kuitoa nyuma. Hewa iingiayo ikizidi itokayo, vumbi halinyonywi katika nyufa. Chujio la mbele lisafishwe kila mwezi.

Kabla ya kulipa, pima. Bodi kuu ya ATX ni milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Kasha dogo halipokei bodi kubwa, na akiba ya nyumba itakuwa imepotea bure.

Kifaa cha kugawa umeme kisinunuliwe kwa urahisi wa bei. Umeme wetu ni volti 220. Baadhi ya vifaa hivyo vina swichi nyuma yenye alama 115 na 230: iwekwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo kitaungua. Aidha, umeme ukikatika, betri ya akiba hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa taratibu.

Naye askari anayehamishiwa Gitega aichomoe kadi nzito ya picha kabla ya safari, isije ikaivunja bodi njiani.