Jeli ya nywele: Kwa nini hukauka kama ufagio

Simama katika kituo cha matatu asubuhi ya Jumatatu na hutakosa kumwona dada aliyelaza nywele zake kwa jeli, zikimeta kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi. Mkutane tena saa nane mchana. Nywele zimekuwa ngumu kama ufagio wa makuti, na mabegani pametapakaa chembechembe nyeupe ambazo wenzake ofisini wanadhani ni mba.

Wengi huilaumu jeli na kukimbilia kununua nyingine ya bei ghali zaidi. Mara nyingi kosa huwa ni la namna inavyopakwa.

Yafaa ieleweke kwanza jeli ni kitu gani. Sehemu kubwa ya kilichomo koponi ni maji. Ndani ya maji hayo mna kemikali ziitwazo polima, mfano wa nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho. Mojawapo huandikwa kwenye kopo kwa kifupi PVP. Iligunduliwa nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanakemia Walter Reppe, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili madaktari waliitumia kuokoa majeruhi waliopoteza damu nyingi. Watengenezaji wa vipodozi waliidandia baadaye.

Maji yakishakauka kichwani, polima hubaki na kuunda utando mwembamba unaogandisha unywele mmoja na mwenziwe. Utando huo ndio unaoshikilia mtindo, na ndio huo huo unaotoa mlio kama karatasi inayokunjwa ukizishika nywele. Kwa hivyo ugumu kidogo si ubaya, ni dalili kwamba jeli imefanya kazi. Taabu huja utando unapokuwa mnene kupita kiasi, au unapoachwa bila kulainishwa.

Jambo la kwanza, basi, ni maji. Usipake jeli kwenye nywele kavu, kwani haitaenea. Itaganda pale pale ulipoiweka kama simiti. Osha nywele, zikamue kidogo kwa taulo bila kuzisugua, kisha paka kondishena ile isiyohitaji kuoshwa. Zikiwa bado zina maji ya kutosha, chukua jeli ya ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, isugue kwanza kati ya viganja, halafu paka fungu moja baada ya jingine kutoka katikati ya unywele kuelekea ncha. Ikiwa haitoshi, ongeza. Ni rahisi kuongeza kuliko kupunguza, kama mwandani wa chumvi jikoni ajuavyo.

Ukishapaka, ziache. Kuzishikashika zikiwa mbichi huzifanya zitimke na kupoteza mkunjo wake. Anayelaza nywele nyuma na azifunge kwa kitambaa laini cha satini kwa dakika 10 au 15, ili zilale bila kuhitaji safu ya pili ya jeli. Zikishakauka kabisa, na nasisitiza kabisa, weka matone mawili matatu ya mafuta ya nazi viganjani, kisha zifinye polepole kutoka chini kwenda juu hadi ule mlio uishe. Utando huvunjika, mtindo hubaki, na nywele huwa laini. Hatua hii huchukua dakika chache tu, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Jeli nyingi hutiwa glisirini, ambayo huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana jeli inayokufaa Nairobi kwenye kiangazi cha Januari huenda ikakunatanata kichwani ukishuka Mombasa.

Na zile chembe nyeupe? Mba hutoka kwenye ngozi ya kichwa na aghalabu huja na mwasho. Mabaki ya jeli hung'ang'ania unywele wenyewe na huyeyuka ukiyatia maji. Hutokea sana jeli inapopakwa juu ya krimu isiyopatana nayo. Kabla ya kuvichanganya vitu hivyo kichwani, vichanganye kiganjani. Vikikatika kama maziwa yaliyoganda, ujue vitafanya vivyo hivyo kwenye nywele.

Soma pia maandishi ya kopo. Alkoholi ya ethanoli, ikiorodheshwa mwanzo mwanzo, hukausha nywele. Lakini usishtuke ukiona majina kama cetyl alcohol au cetearyl alcohol. Hizo ni za jamii ya mafuta na hulainisha. Jeli inayopakuliwa kutoka mtungi mkubwa na kuuzwa katika vikopo visivyo na maandishi wala alama ya ubora ya KEBS, mimi singeipaka hata kwenye kiatu.

Wako wanaochemsha mbegu za kitani hadi zitoe ute unaoteleza kama mlenda, wakauchuja na kuutumia badala ya jeli ya dukani. Ute huo hufaa na haukaushi sana. Ila hauna dawa ya kuuhifadhi, hivyo uweke kwenye friji na uumwage baada ya wiki moja hivi.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi. Mpwa wangu alikuwa akilaza nywele za kwenye paji la uso kila asubuhi kwa jeli na brashi ngumu, kisha kuzivuta nyuma na kuzifunga kwa mpira. Jioni hakuziosha, kesho yake alirundika jeli nyingine juu ya ile ya jana. Baada ya miaka miwili hivi, mstari wa nywele ulikuwa umerudi nyuma karibu upana wa vidole viwili. Jeli peke yake haikumfanyia hayo. Ni kule kuvuta nywele kila siku mahali pale pale, zikiwa zimekauka na kuwa dhaifu.

Ukiona vipele vidogo au maumivu pembezoni mwa nywele, acha kuzivuta leo hii. Katika hatua hiyo nywele nyingi huota tena. Ngozi ikishakuwa laini na kung'aa bila vitundu, mizizi imekwisha kufa na hakuna mafuta yatakayoifufua. Muone daktari wa ngozi mapema, na katika siku hizo za kusubiri fungua mpira, osha jeli yote kwa shampuu, na uende kazini na nywele zilizolegea.