"Tuta" si Tuta: Jina la Nondo wa Nyanya

Wafasiri wa maandishi ya kilimo hukutana mara kwa mara na jina *Tuta absoluta*. Jina hili ni la kisayansi, nalo ni la nondo mdogo aharibuye nyanya. Kwa Mswahili, hata hivyo, tuta ni udongo ulioinuliwa ili kupandwa mazao. Hivyo tangazo lisemalo "nyunyiza dawa ya tuta" laweza kumfanya mkulima anyunyizie udongo, ilhali mdudu yumo ndani ya jani.

Kabla ya kuchagua istilahi yafaa tumjue mdudu mwenyewe. Nondo huyu ana urefu wa milimita 5 hadi 7. Rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na kahawia; mabawa ya mbele yana vigamba vya rangi ya fedha na madoa meusi, na papasi zake ni nyembamba kama uzi. Mchana hujificha majanini. Jike aweza kutaga mayai yapatayo 260. Kiwavi aanguliwapo hupenya katikati ya ngozi mbili za jani, akala nyama yake na kuacha baka pana lililokauka. Hutoboa pia shina na tunda.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, naye alielezwa kisayansi mwaka 1917 kutokana na vielelezo vya Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akaenea Afrika ya Kaskazini, na mwaka 2014 alikwisha fika Kenya na Tanzania.

Je, aitweje? Wakulima wa Tanzania humwita *kantangaze*, jina lililo hai lakini lisilojulikana kila mahali. *Funza* huchanganya na mdudu wa miguuni. *Mchimbajani* pekee halitoshi, kwani wapo pia inzi wachimbao majani, ambao huacha mistari myembamba iliyopindapinda. *Nondo* nalo ni chuma cha ujenzi, ingawa upatanisho hutofautisha: nondo huyu, nondo hii.

Kwa hiyo twapendekeza *nondo mchimbajani wa nyanya*, na *kiwavi* kwa mtoto wake. Katika maandishi ya wakulima wa Tanzania, *kantangaze* liongezwe katika mabano. Jina la kisayansi liandikwe kwa herufi za mlazo, lisitumiwe kamwe kwa kifupi cha "tuta". Wafasiri wakumbuke pia kwamba mwaka 2021 wataalamu walimrudisha katika jenasi *Phthorimaea*. Basi *Phthorimaea absoluta* ni mdudu yule yule.