UREMBO WA ZAMANI: TUIGE MTINDO, TUSIIGE SUMU



Katika vikundi vyetu, wazazi wengi wamepeleka wasichana wao kusomea urembo kwenye vyuo vya ufundi. Wengine wanatuuliza: kupaka watu rangi ni masomo kweli? Tunawajibu kwamba ni kazi ya mikono kama ushonaji, na harusi za Jumamosi haziishi.

Mwanafunzi wa urembo hupewa kazi ya kutafuta mitindo ya zamani ili atengeneze mtindo mpya. Huo si mchezo. Fundi cherehani naye huangalia nguo iliyoshonwa vizuri ajue ilivyokatwa.

ANAANGALIA NINI?

Anaangalia mambo matatu: mstari, rangi, na mahali pa kupaka. Kwa mfano, ile sanamu ya Malkia Nefertiti wa Misri, iliyochimbuliwa mwaka 1912 na sasa iko Berlin, ina wanja mweusi kwenye ukingo wa jicho na nyusi ndefu. Karibu na nyumbani, Wasamburu na Wamasai hujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Pwani, bibi harusi huchorwa maua ya hina mikononi na miguuni.

Basi mwanafunzi aweza kuchukua mstari wa Misri akaufanya mwembamba, kisha aweke rangi kama ya ule udongo juu ya kope. Huo ni mtindo mpya, na picha ya kujifunzia haina bei.

PALIPO NA HATARI

Mtindo ni kitu kimoja, na dawa iliyotumika ni kingine. Wanja mwingi wa Misri ya kale ulitengenezwa kwa mawe yenye risasi. Uingereza, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza (1558-1603), wanawake wakubwa walijipaka unga mweupe uliotengenezwa kwa risasi na siki. Risasi ni sumu.

Hata mambo ya juzi yana funzo. Marekani, mwaka 1933, wanawake waliotiwa rangi fulani ya kope na nyusi waliumia vibaya, na wengine wakapofuka. Mwaka 1938 serikali yao ilipitisha sheria ya kusimamia vipodozi. Kemikali iliyowaumiza huitwa PPD kwa kifupi.

Msifikiri hayo ni ya mbali. PPD hiyo hiyo imo katika rangi nyeusi ya nywele ambayo watu huichorea maua mwilini na kuiita piko. Hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa, na rangi yake ni ya machungwa hadi kahawia. Ikiwa nyeusi ti kwa muda mfupi, hiyo si hina peke yake. Inaweza kutoa malengelenge na kuacha alama.

Nayo tamaa ya uso mweupe bado iko. Krimu zingine za kung'arisha ngozi zina zebaki, ambayo huharibu figo na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, na vipodozi vimo ndani yake.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Soma lebo kabla ya kununua. Ukiona "mercury", "Hg" au "hydroquinone", rudisha. Mkebe usio na lebo usinunue hata ukiwa rahisi.

2. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko cha mteja, ungoje siku mbili. Akiwashwa, usimpake. Piko usijaribu hata kidogo, iache kabisa.

3. Osha mikono na brashi kila baada ya mteja. Penseli ya wanja isipite jicho la mtu huyu hadi la mwingine, maana magonjwa ya macho huambukizwa hivyo.

4. Weka daftari: nani alipakwa nini, na lini.

Bibi harusi mmoja akichomeka uso, kikundi hupoteza jina na mtaji siku hiyo hiyo. Na kuliko hayo yote, uso wa mtu ni kazi ya Mungu. Tuupambe, tusiuharibu.

MASWALI YA KUJADILI

- Mama zetu na nyanya zetu walijipamba kwa nini? Ni mtindo gani twaweza kuurudisha?

- Ni vipodozi gani vinauzwa sokoni kwetu bila lebo?