Tarakimu za Baada ya Nukta

Anayenunua laptopu iliyotumika Kigoma au Ujiji hutazama stika iliyo karibu na kibodi, akaamini anajua mfumo endeshi uliomo. Stika hiyo ilibandikwa kiwandani. Haijui fundi wa mwisho aliingiza nini. MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, nayo ina bodi lililoundwa Ujerumani mwaka 1913, lakini injini zake za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli, na hilo huwezi kulijua ukiwa umesimama gatini. Kompyuta, basi, iulizwe yenyewe: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitataja jina, kisha toleo, mathalani 22H2, halafu namba kama 19045, nukta, na tarakimu nyingine. Wengi husoma jina wakafunga. Nashikilia kwamba habari kubwa imo kwenye tarakimu za baada ya nukta, maana hizo ndizo zinazopanda kila masasisho ya usalama yanapoingia. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwamo, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa kiraka cha tundu lile tangu Machi. Mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa. Jina lilikuwa moja kwa waliopona na kwa waliopoteza kazi zao. Kilichowatenganisha ni kiraka. Hata namba ya mfumo wenyewe huweza kupotosha: Windows 11 hujitambulisha kwa programu kama 10.0, na hutambulika kwa namba zake za kabla ya nukta, zinazoanzia 22000.

Atatokea wa kusema kompyuta ya steshenari isiyo na intaneti haihitaji haya. Flashi za wateja je? Huchomekwa kutwa nzima, zikitoka shuleni, maofisini, pengine hata ng'ambo ya ziwa, na kirusi hakihitaji bando kupanda ndani ya flashi. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilitumia kasoro ya Windows iliyokiwezesha kujiendesha mara tu folda ya flashi ilipofunguliwa. Pingamizi la bando lina uzito zaidi, kwa kuwa masasisho ni mazito na data ni pesa. Lakini kusoma namba hakuli bando hata kidogo, na Microsoft ina orodha ya mtandaoni ambamo faili la masasisho hupakuliwa mara moja likabebwa kwa flashi hadi kwenye mashine nyingine, mradi toleo lilingane. Tena muda umebana: huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, unaofika Oktoba 2026, hupokea kompyuta zenye toleo 22H2 pekee. Mwenye toleo la nyuma yake anapaswa kulipandisha kwanza ndipo ajiandikishe.