Nitaacha Lini Kuvuta?

Jumatatu iliyopita, kabla sijafungua faili la kwanza, nilikuwa nimeshaulizwa: "Daktari, hii dawa ya kuvuta nikimwanzishia, ataiacha lini?" Muulizaji alikuwa mama kutoka upande wa Ikungi. Kando yake alikaa mwanawe wa miaka kumi na saba, ambaye usiku kucha alikuwa ameinama kitandani, mikono magotini, akiitafuta hewa. Hadi saa sita mchana watu wengine watatu walikuwa wameniuliza swali hilohilo. Mmoja wao ni mwalimu. Mwingine, na hapa ndipo uvumilivu uliponiishia, ana duka la dawa.

Basi nijibu kwa maandishi, niwe nimejibu.

Imani yenyewe mnaijua. Inasema inhela ni dawa ya mwisho, ukishaigusa hakuna tena ya kupanda. Inasema mapafu yanaizoea yanakuwa mavivu, na ukiikosa siku moja umekwisha. Inasema mtoto asianzishwe mapema, na binti asionekane nayo kabla ya posa. Kwa hiyo mgonjwa anapewa kila kitu kingine kwanza: vidonge vya "kubanwa" vya dukani, sindano, asali na kitunguu saumu, mvuke wa nyungu, unga usio na jina. Inhela inanunuliwa akishabadilika rangi ya midomo.

Nimeisikia imani hii kwa maprofesa na kwa wachunga ng'ombe, na sitaipuuza, kwa sababu haikuzuka tu. Watu waliona kitu. Walimwona jirani akitembea na kopo mfukoni, akibonyeza mara nne kwa siku, kisha mara nane, kisha mara kumi na tano, na siku moja akakutwa amefariki kopo likiwa mkononi. Wakasema kopo limemuua. Macho yaliona sawasawa. Hukumu ndiyo iliyomwangukia asiye na hatia.

Makopo ni mawili, jamani. Mmekuwa mkiyaita jina moja.

La kwanza, mara nyingi la bluu, lina salbutamoli. Linalegeza misuli iliyokaza kuzunguka njia za hewa. Dakika chache tu na mtu anapumua, kisha saa nne hadi sita baadaye kazi yake imekwisha. La pili, mara nyingi la kahawia, lina steroidi ya kuvuta kama beklometasoni. Hili linapunguza uvimbe ulio ndani ya njia zenyewe, polepole, kwa siku na wiki. Ukilivuta leo halikupi nafuu ya leo, na hicho ndicho kisa cha watu kulitupa. Pumu hasa ni uvimbe. Kukaza kwa misuli ni matokeo. Anayetumia la bluu peke yake ni kama mtu anayekinga beseni sebuleni kila mvua inyeshapo wala hapandi kutazama bati. Beseni halijatoboa paa. Lakini mwenye mabeseni kumi na mawili nyumbani ana paa baya, na siku moja litamwangukia.

Madaktari wenyewe walijifunza hili kwa makaburi. Kuanzia mwaka 1976 vifo vya pumu vilipanda ghafla New Zealand, na uchunguzi uliochapishwa 1989 ulivihusisha na fenoteroli, dawa ya kuvuta ya kundi moja na salbutamoli ila kali zaidi. Matumizi yake yalipobanwa, vifo vikashuka. Mwaka 2014 Uingereza ilitoa mapitio ya vifo vyake vya pumu: kati ya marehemu ambao idadi ya makopo yao ya kutuliza ilijulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Jirani yenu hakuwa peke yake.

Na la kahawia je? Huko Saskatchewan, Kanada, watafiti walipitia kumbukumbu za watu zaidi ya 30,000 wenye pumu, na mwaka 2000 wakachapisha walichokiona. Kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta ambalo mtu alilitumia katika mwaka liliambatana na kupungua kwa vifo kwa asilimia 21. Na vifo vilikuwa vingi zaidi katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mtu kuliacha. Rudieni sentensi hiyo. Mnaniuliza mtaacha lini, na hatari imo katika kuacha kwenyewe.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule unaoitwa GINA, uliacha kupendekeza kopo la bluu peke yake kwa mtu mzima au kijana yeyote mwenye pumu, hata kama ni nyepesi. Kwa hiyo woga wenu una nusu ya ukweli. Mnaliogopa lile linalowalinda, na lile la kuliogopa ndilo mnalolinunua kila mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye "kuzoea", maana neno hili linanichosha kuliko yote. Mama yule wa Ikungi aliikataa inhela ili mwanawe asizoee. Mkobani alikuwa na prednisoloni, vidonge alivyokuwa akimpa kila kifua kilipobana, miezi mitano sasa. Tupige hesabu. Mbonyezo mmoja wa salbutamoli ni maikrogramu 100, na unakwenda moja kwa moja kifuani. Kidonge kimoja cha salbutamoli cha miligramu 4 ni maikrogramu 4,000, mara arobaini, nacho hupitia tumboni na kuzunguka mwili mzima. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Kijana wa kawaida anaweza kuvuta beklometasoni maikrogramu 400 kwa siku. Kozi ya prednisoloni ya siku tano, miligramu 40 kila siku, inaingiza mwilini miligramu 200. Najua hizi si dawa moja na nguvu zake hazilingani kipimo kwa kipimo, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Prednisoloni ni dawa nzuri, nami naiandika mtu anapozidiwa, kwa siku chache zenye idadi. Ikiliwa miezi mfululizo, uso unajaa, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, macho yanapata ukungu, na tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili yenyewe, zinaacha kazi. Hapo mtu akikatisha vidonge ghafla anaweza kuanguka na kufa. Huko ndiko kuzoea kwenyewe. Mnakimbia kivuli cha simba na kwenda kulala pangoni mwake. Na ule unga usio na jina, unaoleta nafuu usiku uleule na kumnenepesha mtu mashavu? Mitishamba iliyochanganywa steroidi kwa siri imekamatwa katika nchi nyingi. Mganga hawezi kukwambia kipimo kwa sababu hataki ujue kilichomo.

Kama hamniamini mimi, waaminini wanaokamata wadanganyifu. Wasimamizi wa dawa haramu michezoni wanamruhusu mkimbiaji avute salbutamoli hadi maikrogramu 1,600 kwa saa 24, na steroidi ya kuvuta wanairuhusu. Salbutamoli ya vidonge wameipiga marufuku. Prednisoloni ya vidonge imekatazwa wakati wa mashindano. Wanajua ipi inabaki kifuani na ipi inazunguka mwilini.

Nalitaja hili kwa sababu ya kijana mwenyewe. Muda wote mama alipokuwa akizungumza yeye alikuwa kimya, hadi nilipomuuliza anataka nini. Akasema anataka kukimbia. Ikungi sasa kila kijana anataka kukimbia, tangu Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03. Simbu simtaji kama mgonjwa. Wa kumtaja ni Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyeambiwa ana pumu akiwa na miaka 14, akatumia inhela, na mwaka 2003 akakimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ya wanawake ilidumu hadi 2019. Kwa hiyo ukiniambia mtoto mwenye pumu akae benchi wenzake wakicheza, nitakuuliza ameandikiwa kopo gani na nani amemfundisha kulivuta.

Msinielewe vibaya: pumu kali ipo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2015 ulikuta kwamba chini ya watu wazima 4 kati ya 100 wenye pumu wana ile isiyotulia hata kwa dozi kubwa, wakivuta ipasavyo kila siku. Hao wapelekwe kwa daktari bingwa, hata kama ni Dodoma au Muhimbili. Wengi wa wale wanaoletwa kwangu wakiitwa "pumu sugu" hawajawahi kutumia kopo la kahawia miezi miwili mfululizo. Usugu uko kwenye maelezo waliyopewa.

Na asali? Asali ya Manyoni na Itigi naipenda, nailia mkate. Inaweza kulainisha koo lenye kikohozi. Haifungui njia ya hewa iliyovimba, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Nyungu humwunguza mtu, na majani yenye harufu kali yanaweza kumbana zaidi. Nimemaliza.

Ya kufanya, upesi, maana nafasi inakwisha:

Soma jina la dawa, usitegemee rangi. Viwanda hubadili rangi. Kopo la kuzuia, lile lenye steroidi, ni la kila siku, umebanwa hujabanwa. Ukivuta, sukutua mdomo na uteme maji, usipate utando mweupe.

Kopo la bluu lina mibonyezo 200. Ukimaliza makopo matatu kwa mwaka, rudi kwa daktari. Ukimaliza moja kila mwezi, uko ukingoni. Njoo wiki hii.

Kama unapata inhela yenye budesonidi na formoteroli pamoja, uliza kama inakufaa: kopo moja linatuliza na kuzuia, nalo limo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Bei inauma. Kulazwa kunauma zaidi.

Namna ya kuvuta: tikisa, toa pumzi yote, anza kuvuta taratibu huku ukibonyeza, shikilia pumzi hadi kumi. Wengi hupulizia ulimi. Dawa yake ni chupa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi ya kifaa cha dukani cha kuvutia inhela kwa watoto waliobanwa. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa gundi, osha kwa sabuni, acha ikauke yenyewe. Weka midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, pumua humo mara tano au sita, kisha rudia.

Mazoezi: pasha mwili moto dakika kumi na tano, usianze kwa mbio. Asubuhi za Juni na Julai baridi ni kali. Kimbia jua likishatoka, leso puani. Kiangazi upepo ukiamka na vumbi, geuza siku iwe ya mazoezi ya ndani. Ukibanwa kila ukikimbia, tatizo ni kopo la kuzuia halitoshi au hulivuti vizuri. Usiache kukimbia, rudi kliniki.

Nyumbani: kuku wa kienyeji walale bandani, si chini ya kitanda. Jiko la kuni litoke nje au lipate dohani. Kupura na kupepeta alizeti wafanye wengine, au ufunge barakoa na kukaa upande upepo unakotoka. Sigara hapana, hata ya baba barazani.

Dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki huwabana baadhi ya watu. Propranololi ya presha usiiguse bila kumwambia daktari kwamba una pumu. Na si kila mluzi kifuani ni pumu: kikohozi cha wiki mbili pamoja na kukonda au jasho la usiku, pima kifua kikuu.

Dalili za kukimbilia hospitali: hawezi kumaliza sentensi, midomo imebadilika, nafuu ya kopo la bluu haifiki saa nne. Wakati mnatafuta bodaboda, mpeni mibonyezo minne hadi kumi kwa chupa, mmoja mmoja, mrudie kila dakika ishirini kwa saa ya kwanza. Msimlaze chali. Msimnyweshe kitu.

Sasa nalirudia swali la mama, maana hakuondoka bila jibu. Ataacha lini? La kahawia tutalipunguza pamoja akikaa miezi mitatu bila kubanwa, hatua kwa hatua, na huenda dozi ndogo akabaki nayo miaka, kama mwenye presha anavyobaki na kidonge chake. La bluu nilimwonyesha tarehe iliyopigwa chini ya kopo. Nikamwambia kijana: siku tarehe hii itakapopita na kopo bado lina dawa, njoo unionyeshe, maana hapo utakuwa umeliacha.